Chuchu bandia inalaumiwa kupita kiasi

Ukweni na mitandaoni wimbo ni mmoja: mtoto anayenyonya chuchu bandia atachelewa kusema, na mwenye kosa ni mama aliyetaka kupumzika. Sasa wanaoimba wamepata utafiti wa kuegemea, ule wa Norway.

Watafiti waliwauliza wazazi wa watoto 1,187, wa mwaka mmoja na wa miaka miwili, mtoto amenyonya chuchu kwa kiasi gani tangu azaliwe, kisha wakawapa orodha ya maneno ili waonyeshe anayoyajua. Walioinyonya zaidi walikuwa na maneno machache zaidi. Sawa. Lakini kipi kilitangulia? Mtoto mwenye maneno mengi huitema mwenyewe apate kusema. Asiyeweza kueleza anachotaka hulia, hung'ang'ania nguo ya mama, na mzazi aliyechoka humtuliza kwa kilicho karibu. Mtoto huyo angekuwa na maneno machache hata kama chuchu isingekuwapo nyumbani, na takwimu ingesomeka vilevile. Isitoshe, mzazi yuleyule ndiye aliyekumbuka matumizi na ndiye aliyehesabu maneno. Huko Sydney, watoto 199 walichunguzwa, wenye kasoro ya matamshi na wasio nayo, na chuchu haikuonekana kuwatofautisha.

Upande wa pili una hoja moja ninayoiheshimu. Mwaka 2015, huko Vancouver, watoto wa miezi 6 waliwekewa mdomoni kifaa cha kung'ata kilichobana ulimi, wakashindwa kutofautisha sauti mbili za Kihindi zinazotamkwa kwa ncha ya ulimi. Kifaa kilichouacha ulimi huru hakikuwazuia. Kumbe mdomo nao husaidia kusikia! Ila jaribio lilipima dakika chache kifaa kikiwa mdomoni. Halikupima lugha ya mtoto baadaye.

Madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri tangu 2005 mtoto mchanga apewe chuchu anapolala, kwa sababu inahusishwa na kupungua kwa vifo vya ghafla usingizini. Aliyelala hana mazungumzo ya kukosa. Muuguzi wa kliniki zetu akiikataza kwa sababu imeanguka sakafuni ikafutwa kwa kanga, hapo namuunga mkono, ila hiyo ni hoja ya kuhara.

Kinachostahili wasiwasi zaidi ni masikio. Nchini Finland wazazi walishauriwa kwamba baada ya miezi 6 mtoto apewe chuchu wakati wa kumlaza tu, na maambukizi ya sikio yakawa pungufu kwa asilimia 29. Sikio lililojaa majimaji halisikii vizuri, na asiyesikia vizuri huchelewa kusema. Kwa hiyo mchana chuchu iwekwe kando, na mtoto wa miaka miwili asiyesema apelekwe kupimwa masikio kabla mama yake hajaitiwa kikao cha ukoo.