Presha wakati wa kuingiza mpira wa kupumulia: nani apewe dawa ya kuituliza?

Mgonjwa amelala fofofo, hasikii lolote, lakini mwili wake haujalala wote. Laringoskopu, kifaa chenye taa cha kutazamia koo, ikiinua tu shina la ulimi, adrenalini inamwagika: mapigo yanakimbia, presha inapanda, na kilele hufika ndani ya dakika moja au mbili. Madaktari wameliandika jambo hili tangu miaka ya 1940. Wanachobishania hadi leo ni kama lizuiwe kwa dawa.

Wanaotaka lizuiwe wana hoja nzito, ila ni hoja ya wagonjwa fulani. Mwenye mishipa ya moyo iliyoziba, mwenye mshipa wa ubongo uliotuna, mama mwenye kifafa cha mimba: hawa dakika mbili zinatosha kuwamaliza. Kwa huyo mama, ambaye damu inaweza kuvuja ubongoni, sioni kisingizio cha kuacha. Lakini kijana mzima anayetolewa kidole tumbo? Presha itapanda, kisha itashuka yenyewe baada ya dakika chache.

Shida ni kwamba laringoskopu huondoka na dawa hubaki. Mpira ukishakaa hakuna tena kinachopandisha presha, huku fentanili, dawa kali ya maumivu inayotumika kuituliza presha hiyo, na dawa ya usingizi zikiishusha kwa pamoja. Ndipo mzee aliyeanza na presha ya juu ya 150 anasomeka 80, na figo na moyo vinaumia. Aliyevuja damu nyingi yuko hatarini zaidi, maana adrenalini yake mwenyewe ndiyo inayomshikilia. Mnyang'anye hiyo, moyo unaweza kusimama.

Kuna pia suala la saa, linalopuuzwa mno. Fentanili huhitaji dakika tatu hadi tano kufika kilele. Ukiichoma laringoskopu ikiwa tayari mkononi, umemlipisha mgonjwa madhara bila kumpa faida. Esmololi, dawa ya kupunguza kasi ya moyo, angalau huja na kuondoka haraka, nusu yake huisha mwilini kwa dakika kama 9, ingawa mwenye pumu anahitaji tahadhari. Lidokeini, dawa ya ganzi, ikichomwa mshipani inapendwa kuliko matokeo yake yanavyostahili, tafiti zimepingana.

Kwa maoni yangu, dawa hizi zisiwe za kila mgonjwa. Usingizi uwe mzito wa kutosha, na mkono uwe mwepesi, ikiwezekana chini ya sekunde 15. Anayestahili apewe mapema kwa kipimo cha uzito wake, na sindano ya efedrini, dawa ya kupandisha presha ikishuka mno, iwe imeshavutwa, ipo pembeni.