Si kila Hamisi ni Mwarabu
Kuna makala inayodai kwamba mwenye jina la ukoo la Hamisi lazima awe na asili ya Uarabuni, dai ambalo sisi wa Lindi hatuwezi kulipitisha kimyakimya. Neno ni la Kiarabu kweli, khamis, siku ya tano, yaani Alhamisi, na Unguja huliandika Khamis. Lakini huku Kusini jina la tatu huwa la babu tu, si la ukoo, na ukoo wa Wamwera, kabila la huku, kwa desturi hufuata upande wa mama. Babu yangu wa Mtama aliitwa Hamisi kwa kuzaliwa Alhamisi, na leo wajukuu wake wa Mtwara wanaandikwa hivyo kwenye vitambulisho. Jina kama Barwani, hilo ndilo la ukoo kutoka Oman. Wenzangu wa Newala na Masasi, kwenu likoje?