Sabumita zimemaliza ugomvi wa uniti, wa bei bado upo

Mizigo mingi ya kupanga Uganda, yaani vyumba vya mstari ndani ya ua mmoja, kuanzia Kisenyi hapa Kampala hadi Busia mpakani, ina mita moja ya Yaka, ile ya kulipia umeme kabla ya kuutumia, kwa vyumba sita, vinane au zaidi. Mita ni ya landilodi, wanaoijaza ni wapangaji. Sasa landilodi wengi wanafunga sabumita, yaani mita ndogo nyuma ya ile kubwa, kila mlango na yake, na mabishano yamehamia hapo. Wapo wanaosema haki imekuja, na wapo wanaosema landilodi amejifungulia duka la umeme ndani ya ua. Wote wana hoja, ila hawazungumzii kitu kimoja: hawa wanahesabu uniti, wale wanahesabu shilingi.

Wanaoilaumu sabumita husahau haraka hali ilivyokuwa kabla yake. Mkichanga sawa kwa sawa, mwenye balbu mbili na chaja ya simu analipa kama jirani mwenye friji na sabufa, kwa hiyo hakuna anayehangaika kuzima kitu. Landilodi anajibu kwa marufuku: koili ya kupikia hairuhusiwi, pasi hairuhusiwi, friji ongeza pesa. Keateka, mwangalizi wa nyumba, anapita jioni akinusa nani anapika kwa umeme. Njia ya zamu ndiyo iliyoonekana nafuu, leo chumba cha kwanza kinanunua umeme wa elfu kumi, ikiisha kinafuata cha pili. Hiyo nayo ina ubaya ambao wengi hawauoni.

Bei zinazopangwa na ERA, mamlaka inayosimamia umeme Uganda, kwa mteja wa nyumbani hazilingani kwa uniti zote. Uniti 15 za kwanza za kila mwezi ni shilingi 250 kila moja. Kuanzia ya 16 hadi ya 80 bei inaruka. UEDCL, kampuni ya serikali ya kusambaza umeme, ilipochukua mtandao kutoka kwa kampuni ya Umeme Aprili 2025 ilikuwa kama 756, na bei za wakati huo ndizo nitakazotumia kwenye hesabu zangu zote. Kuanzia ya 81 hadi ya 150 inashuka hadi 412. Hiyo ni bei ya kupikia, iliyowekwa ili watu waache makaa. Ukipita 150 unarudi juu tena. Kisha ongeza VAT ya asilimia 18.

Sasa mtazame mpangaji ambaye zamu yake imeangukia tarehe moja. Elfu kumi yake inaleta uniti kama 21. Wa tarehe kumi, kwa elfu kumi ileile, anapata 11 na kitu. Wa tarehe ishirini na tano, nyumba ikiwa imeshavuka uniti 80, anapata 20. Huyu wa katikati atasemwa mwezi mzima kwamba zamu yake umeme haukai, na pengine ataulizwa kama amenunua ya elfu kumi kweli. Hana kosa lolote, ni tarehe tu iliyomponza.

Sabumita inamtoa mtu huyo kwenye lawama, na kwa hilo peke yake naiona ina thamani. Inaondoa pia msingi wa marufuku ya koili, kwani anayepika analipia, labda nyaya zenyewe ziwe nyembamba na fundi aseme hazibebi. Tena mtu anaanza kuujua umeme wake. Friji inakula karibu uniti moja kwa siku kutegemea ukubwa na uzee wake, na birika la umeme, pamoja na sifa zake mbaya, halifiki robo ya uniti kwa kuchemsha maji ya chai. Vitu kama hivi huwezi kuviona kwenye mita inayohesabu milango minane kwa pamoja.

Ila namba iaminike kwanza. Sabumita za dijitali zilizozoeleka zimeandikwa usoni idadi ya mapigo kwa uniti, mara nyingi 1600. Maana yake taa nyekundu inapepesa mara 1600 kila uniti moja inapoisha. Jaribio lake halihitaji fundi. Zima kila kitu chumbani, hata chaja, halafu itazame taa. Ikiendelea kupepesa, kuna waya unaovuja au kuna mtu amejiunganisha upande wako. Kisha washa birika la wati 2000 kwa dakika tatu: hiyo ni sehemu ya kumi ya uniti, kwa hiyo utarajie mapigo kama 160. Umeme wetu wa jioni ukiwa dhaifu birika nalo hunywea, basi 140 isikushtue. Ukihesabu 250, mwite landilodi mhesabu pamoja. Mita za Yaka huhakikiwa na UNBS, shirika la viwango la Uganda. Sabumita iliyonunuliwa dukani na kufungwa na fundi wa mtaani, uliza muhuri wake, na jibu mara nyingi litakuwa kicheko.

Jumla ya sabumita zote pia haitalingana na Yaka, na hapo ndipo tuhuma zinapoanzia. Taa za nje zinawaka usiku kucha bila mlango wa kuzilipia. Viungo vya nyaya vilivyolegea vinageuza umeme kuwa joto. Tena mita yenyewe ina mahali pa kuanzia: ya daraja la 1 la usahihi, yenye mkondo wa msingi wa ampea 5 halazimiki kuhesabu mkondo usiofika miliampea 20, yaani karibu wati 5 kwa volti 240. Chaja iliyosahauliwa ukutani inaweza kupita hapo bila kuonekana. Kwa mlango mmoja ni kidogo, kwa milango minane ni kitu, na lazima ijulikane mapema nani anakibeba.

Twende kwenye shilingi. Chukua vyumba sita, kila kimoja uniti 25 kwa mwezi, jumla 150. Kwenye Yaka moja, kabla ya VAT, gharama ni 3,750 kwa uniti za bei ya chini, 49,140 kwa zile 65 za bei ya juu na 28,840 kwa zile 70 za kupikia: jumla 81,730. Kila chumba kingekuwa na Yaka yake, kila kimoja kingelipa 11,310, vyote sita 67,860. Mita moja imewapotezea wapangaji karibu 14,000 kila mwezi hata kabla landilodi hajaongeza senti, kwa sababu msaada wa uniti 15 hutolewa mara moja kwa kila mita, na mita haijui kuna familia ngapi nyuma yake.

Anayeumia zaidi ni yule anayetumia kidogo. Mwenye uniti 15 tu angelipa 3,750 kwa mita yake mwenyewe. Kwa sabumita, hata landilodi akigawa kwa uaminifu kamili, uniti inatoka 545 na bili inakuwa zaidi ya 8,000. Faida ya bei ya kupikia nayo inagawiwa kwa wote, pamoja na anayepikia sigiri ya makaa.

Lakini hesabu hiyo inageuka vyumba vikiwa vichache na matumizi makubwa. Vyumba vitatu vyenye uniti 50 kila kimoja wanafika 150 zilezile na wanalipa 81,730 kwa pamoja. Wakitenganishwa wangelipa 90,630. Kwa hiyo wanaosema kila mpangaji apate Yaka yake hata iweje hawajashika kalamu.

Landilodi akitoza bei moja, tuseme shilingi 1,000 kwa uniti, katika mfano wa vyumba sita anakusanya 150,000 kwa umeme uliomgharimu kama 96,400 pamoja na VAT. Atakwambia kuna taa za nje, kuna hela ya sabumita na fundi, kuna mpangaji aliyehama usiku na deni. Yote ni kweli, na asiyewahi kupangisha asimcheke. Ila taa za nje na deni la mtu mmoja hazifiki elfu hamsini na tatu kila mwezi, na Sheria ya Umeme ya 1999 inamtaka anayeuza umeme awe na leseni. Kurudishiwa gharama ni jambo moja, kufanya biashara ni jingine, na njia ya kuyatofautisha ni landilodi kubandika risiti za Yaka za mwezi mahali zinapoonekana.

Sabumita za tokeni, zile unazoziingizia namba uliyoilipia ndipo umeme uwake, nina shaka nazo zaidi. Kwa landilodi zinaondoa deni kabisa, na kwa mpangaji zinaondoa kuhesabiana. Lakini anayetengeneza tokeni ni landilodi au kampuni aliyoiajiri, na kodi ikichelewa, tokeni nazo huanza "kusumbua mtandao". Zile za kisasa zinazotuma taarifa kwenye simu yake zinamwonyesha pia saa unazoamka na siku ambazo haupo. Ya kawaida ya kusoma kwa macho, yenye namba ambayo ninyi wawili mnaiona, inanitosha.

Kwa hiyo nyumba ya vyumba viwili vitatu yenye watu wanaopika kwa umeme, wafunge sabumita wagawane bili halisi, siyo bei ya kubuni. Mistari ya vyumba vinane vya balbu na simu, landilodi aombe mita za UEDCL, ingawa kila chumba kitahitaji cheti cha fundi mwenye kibali cha ERA na hilo lina gharama na foleni yake. ERA nayo ingeweza kufupisha safari hiyo kwa kuruhusu mita moja yenye familia sita zilizosajiliwa ipate uniti za bei ya chini mara sita. Sioni ugumu wa kiufundi hapo, ugumu ni kumzuia landilodi asisajili familia hewa.

Kwa anayehamia mwezi huu: piga picha ya sabumita yako na ya Yaka kubwa siku unayopokea funguo, na mwisho wa mwezi upige tena zote mbili. Hizo namba nne, pamoja na risiti za Yaka, zinatosha kufungua mazungumzo na landilodi yeyote.