Naishi Mwanga, Nakaa Gizani

Kwetu ni Mwanga, hapa Kigoma. Aliyeupa mtaa jina hilo nadhani alikuwa mtani wetu. Umeme ukikatika, tunapishana njiani kwa kukoholeana.

Basi nikanunua jenereta, KVA 2.5. Sababu ni migebuka. Mama watoto anauza samaki, friza limejaa, na umeme ukikatika siku nzima anayenuniwa ni mimi, utadhani mimi ndiye niliyepanda nguzo.

Fundi wa kwanza akaja na waya una plagi huku na plagi huku. "Bosi, unachomeka jikoni, nyumba nzima inawaka. Ila uzime meni swichi kwanza." Hiyo "ila" sikuisikia, nilikuwa bado naiwaza bei yake. Usiku nikavuta kamba, nikachomeka. Taa ya jirani ikawa nyekundu kama kaa la sigara, watoto mtaa mzima wakapiga yowe: "Umerudiii!" Jenereta ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Maskini, ilikuwa inataka kuwasha mpaka Gungu kwa lita tatu za petroli.

Asubuhi akaja jirani mmoja anayefanya kazi za nguzo, uso umemkunjamana. Kumbe transfoma inayoushusha umeme ukija kwangu, nikiurudisha inaupandisha. Volti zangu 230 zinatokea upande wa pili zikiwa 11,000 au 33,000, na huko juu kuna baba wa watu anajua laini imezimwa. "Na hiyo plagi ikichomoka jenereta inanguruma, meno yake yanabaki nje, yana moto." Nikaangalia vidole vyangu, nikavihesabu.

Tukafunga chenjiova, swichi ya kubadilishia umeme. Mpini juu umeme wa nguzo, katikati sifuri, chini jenereta. Hawakutani kamwe, kama wake wenza wa zamu.

Nikadhani nimepumzika. KVA 2.5 ni kama wati 2,000 hivi, na friza likianza kuzunguka linavuta umeme mara kadhaa ya ule linaoutumia likishatulia. Hapohapo shemeji anachomeka jagi la chai. Kimya. Giza. Sauti kutoka jikoni: "Jenereta yenu mbovu." Yenu!

Ndani nayo hailali, moshi wake unaua watu usingizini. Nimeifunga mnyororo kwenye mwembe, mbali na madirisha, na mlinzi ni mimi.

Juzi nimekaa na blanketi chini ya mwembe mpaka saa nne usiku. Jirani akapita: "Vipi, mna sherehe?"

"Sherehe gani, na umeme hakuna?"

Akanyoosha kidole. Mtaa mzima unawaka. Umeme ulirudi tangu saa moja na nusu, ila mpini wetu uko chini, taa zetu zitajuaje? Nikaingia ndani mbio, nikamuuliza shemeji kama hakusikia watoto wakipiga yowe.

"Nilisikia," akasema, jagi mkononi. "Nikajua umechomeka vibaya tena."