Kufanana si kuzaliwa tumbo moja
Nimesoma makala kuhusu asili ya mwanadamu. Mwandishi wake anasema sokwe anafanana nasi kwa asilimia 98 ya vinasaba, basi ni binamu yetu. Namba hiyo siibishii. Ninalolikataa ni hilo "basi".

Jenomu ya sokwe, yaani mpangilio mzima wa vinasaba vyake, ilipochapishwa mwaka 2005, watafiti walihesabu pia herufi za vinasaba zipatazo milioni 35 zinazotofautiana na zetu, na hapo bado vipande vilivyoongezeka au kupungua upande mmoja. Mbona makala imelipita hilo kimya kimya? Najua wanasayansi wengi wanausoma ufanano huo kama ushahidi wa babu mmoja. Mimi ninayeamini Mwanzo 1:27, kwamba Mungu alimwumba mtu kwa mfano wake, nauona mkono wa Muumba mmoja. Seremala akichonga kiti na kitanda, randa ni ile ile na mbao ni zile zile, lakini kiti hakikuzaa kitanda.

Wala simdharau sokwe, Mungu anisamehe. Mtafiti wa sokwe Jane Goodall alimwona mmoja kule Gombe, Tanzania, mwaka 1960 akichomeka unyasi kwenye kichuguu, kisha akiuchomoa umejaa mchwa na kuwala kwa midomo. Kila nikitazama picha za namna hiyo nabaki kimya: vidole vile, kucha zile, macho yale yanayokutazama kama yanakujua! Ni kiumbe wa ajabu, na kuwakatia misitu yao ni dhambi. Ila sijasikia sokwe aliyepiga magoti kumwombea mwenzake aliyekufa, au aliyeuliza ametoka wapi. Anayeuliza ni mwanadamu, na makala yenyewe ni swali hilo hilo.