Uzoefu wa Miaka Miwili Nauokota Wapi?

Juzi tangazo la kazi lilizunguka kwenye kundi letu la WhatsApp. Hospitali binafsi inatafuta muuguzi wa wodi ya watoto wachanga mahututi: awe na shahada, leseni hai ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, na uzoefu usiopungua miaka 2 katika wodi ya aina hiyo hiyo. Dada mmoja aliyemaliza utarajali hivi karibuni akajibu kwa neno moja: "Haya." Nililielewa haya lile, maana nimeshawahi kulisema.

Mtu kasoma miaka 4. Kafanya utarajali mwaka mzima akizungushwa wodi ya wazazi, ya watoto, ya upasuaji. Kafaulu mtihani wa leseni. Halafu anadaiwa uzoefu ambao hauokotwi popote ila ndani ya wodi ile ile anayofungiwa mlango. Wakongwe wetu humshauri aanzie wodi ya kawaida, mwaka mmoja au miwili, mkono ukomae. Kwa heshima zote, maana ndio walionifundisha kutafuta mshipa, mimi sikubaliani nao.

Serikalini mambo ni tofauti kidogo. Tangazo la Sekretarieti ya Ajira la Afisa Muuguzi Daraja la II kwa kawaida halikuulizi uzoefu, linataka shahada na leseni. Ukipangiwa Ocean Road unajua ni saratani, ukipangiwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete unajua ni moyo. Lakini kwenye hospitali yenye kila kitu, wodi utaijua siku ya kuripoti, na metroni, mkuu wa wauguzi, anaziba pengo lililopo. Ulikuwa unaota figo, unajikuta kliniki ya macho. Kujitolea nako ni njia, ila wengi wanaokusifia si wao wanaokulipia daladala mbili kwenda na mbili kurudi.

Mimi nilipenda watoto njiti tangu utarajali. Siku moja aliletwa mtoto wa gramu 1,400, siku yake ya kwanza duniani, na daktari akaandika maji mililita 80 kwa kilo kwa siku. Nikapiga hesabu nyuma ya kiganja: mililita 112 kwa saa 24, karibu 5 kwa saa. Nikafungua dripu, nikaiweka matone 2 kwa dakika, nikajiona mtu. Sista inchaji alipita, akasimama, akaitazama ile chemba ya soluseti, dripu ya matone madogo, na saa yake mkononi.

"Mdogo wangu, umetumia hesabu ya mpira gani wa dripu?"

"Wa matone 20 kwa mililita, sista."

"Huo ni wa watu wazima. Huu mililita moja ni matone 60. Yatakuwa mangapi?"

Matano. Yule mtoto alikuwa anaelekea kupata chini ya nusu ya maji yake, na mimi nilikuwa na A ya famakolojia. Sista hakunipigia kelele. Alinisogezea kiti, akaniambia nihesabu matone dakika nzima bila kuondoa macho. Kosa lile sijalirudia hadi leo, na mwaka mmoja wa wodi ya wanaume usingenifundisha, kwa sababu kule mpira wa matone 60 ni nadra kuushika.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa wodi hiyo hiyo niliyoipenda, kwenye hospitali ambayo sitaitaja. Haikunidai uzoefu, nikashangilia. Usiku wa tatu niliachiwa watoto 17 na mhudumu mmoja. Wawili kwenye sipapu, mashine ya kuwasaidia kupumua. Mwenzangu wa zamu alikuwa amehamishiwa leba, na inchaji alikuwa kwenye simu. Nilikesha nikitembea kati ya vitanda kama mtu aliyepoteza ufunguo. Hakufa mtoto usiku ule, lakini asubuhi nilishindwa kutoa ripoti, sauti haikutoka. Nilimaliza miezi miwili nikaondoka, na walioniona nikiondoka walisema ndiyo hayo, wapya hawawezi wodi maalumu.

Hospitali inayokukataa kwa kukosa uzoefu na ile iliyokuachia watoto 17 zinakimbia gharama moja: mshahara wa muuguzi mzoefu atakayesimama pembeni yako wiki kadhaa bila kuhesabiwa kama mtu wa zamu. Moja inataka hospitali nyingine imlipe. Nyingine haimlipi kabisa, na deni analibeba mtoto kitandani. Kwa hiyo ninapoulizwa na wahitimu waandikeje wasifu, nawaambia wasifu andikeni vyovyote, ila mwende kwenye usaili na swali.

Langu nilikwenda nalo kwenye usaili wa pili, nikiwa na gauni la kuazima. Watu wanne mezani. Walipomaliza wakasema, "Una swali?" Nikauliza: usiku wangu wa kwanza nitakuwa na nani? Bwana wa rasilimali watu akatabasamu, akasema hospitali ina timu imara. Nikamwambia sawa, lakini ni nani? Kimya. Metroni akavuta karatasi ya zamu iliyokuwa chini ya faili lake, akaipitisha kidole taratibu, akainua macho na kunitajia jina la mtu. Kisha akaongeza, "Na akiugua, nitakuja mimi."