Malkia wa Gilgil Hafugwi Leicester

Ijumaa iliyopita mwanangu alinijia jikoni ameshika simu kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba bakuli la uji lililojaa hadi ukingoni. Ana miaka 11. Nilikuwa nakata sukuma wiki.

"Mama, hebu tazama. Huyu si ametoka kwa nyanya, Gilgil?"

Kwenye simu kulikuwa na picha ya malkia wa chungu, mdudu mwekundu kwa mweusi, mnene, kichwa kikubwa. Chini yake pameandikwa jina la kisayansi, Messor cephalotes, kisha neno Kenya, kisha bei kwa pauni. Malkia mmoja wa aina hiyo amewahi kutajwa kuuzwa hapa Uingereza hadi pauni 170. Mwanangu aliuliza kwa furaha, kama mtu aliyeona gari lenye namba za kwao. Mimi niliweka kisu chini.

Sina ugomvi na watu wanaofuga chungu nyumbani. Mimi mwenyewe ninao, wako sebuleni, na ninawapenda kuliko nilivyotarajia kumpenda mdudu yeyote. Ndiyo maana nimekasirika. Asiyewajua anaweza kuona picha ile akapita. Mimi najua kilichomo ndani ya malkia mmoja.

Kundi letu lilianza Julai, miaka miwili iliyopita, siku ya joto la mvuke lisilo na upepo, ile siku ambayo chungu wenye mabawa hutoka kila ufa wa barabara hapa Leicester na watu wakafunga madirisha. Tulikuwa tunatoka dukani. Mwanangu akachuchumaa ghafla kando ya kituo cha basi: malkia mweusi, Lasius niger, chungu wa kawaida kabisa wa hapa, anatembea mbiombio bila mabawa. Alikuwa ameyang'oa mwenyewe. Malkia akishapandwa na madume siku ile moja, mabawa hayana kazi tena kwake. Mbegu za kiume alizopokea atazihifadhi tumboni na kuzitumia maisha yake yote. Madume hufa muda mfupi baadaye. Tulimbeba ndani ya kikopo cha mtindi.

Nyumbani tulimtengenezea makao: mrija wa kioo wa maabara, maji kidogo chini, pamba imeshindiliwa juu ya maji ili unyevu upite lakini maji yasipite, malkia ndani, pamba nyingine mdomoni. Tukaufunga kwa kitambaa cheusi tukauweka kabatini. Halafu ikaja sehemu ngumu kuliko zote, kutofanya chochote. Malkia wa aina hii hali kitu hadi wanawe wa kwanza wakue. Anaishi kwa mafuta ya mwilini na kwa ile misuli aliyokuwa akirukia, ambayo sasa haina kazi tena. Mwili unaisaga misuli hiyo, unailisha watoto. Nilimweleza mwanangu hivyo usiku mmoja, akanyamaza, kisha akauliza kama nami nilipokuwa na mimba yake nilikula misuli yangu. Nilicheka, lakini nilikaa na swali lile siku nyingi.

Wiki ya nane tukaona vibarua wanne, yaani chungu watenda kazi. Wadogo, hafifu, wembamba kama herufi zilizoandikwa kwa penseli iliyochongoka. Watoto wa kwanza huwa wadogo hivyo kwa sababu mama hana kingi cha kuwapa. Tuliwapa tone la asali iliyozimuliwa kwa maji, kwenye kipande cha karatasi. Mmoja akanywa mpaka tumbo likang'aa, akarudi kwa malkia, akamlisha mdomo kwa mdomo. Mama aliyefunga miezi miwili akala kwa mkono wa mwanawe. Mimi niliyezoea kuwaua kwa kitambaa cha meza nilipiga magoti mbele ya mrija nikawa nalia.

Tangu hapo ni kulea tu. Nzi wadogo wa matunda, vipande vya funza wa unga, asali, maji. Novemba huwa wanapunguza mwendo, wanajikunyata wote kumzunguka malkia, nasi tunawahamishia kwenye friji ndogo, nyuzijoto kama sita hivi, hadi mwisho wa Februari, maana chungu wa nchi za baridi wasipolala msimu huo hudhoofika. Mwaka jana mrija ukajaa tukawahamishia kwenye kiota cha plasta chenye vyumba. Ukingo wa uwanja wao wa kutembelea tunaupaka poda ya mtoto iliyokorogwa na spiriti. Ikikauka wanateleza, hawapandi. Tulisahau kuipaka upya mara moja, tukaamka na msafara kutoka rafu ya vitabu hadi kwenye sukari. Ilituchukua Jumamosi nzima kuwarudisha, kwa brashi laini, mmoja mmoja, na mwanangu hakukubali hata mmoja auawe.

Sasa tunakadiria wako mia nne. Na malkia bado kijana. Malkia wa aina hii aliyefugwa aliwahi kuishi zaidi ya miaka 28. Mwanangu anajua kwamba huenda akamwachia mtoto wake mwenyewe.

Turudi kwenye ile picha.

Nimekulia Gilgil. Wale chungu wakubwa wekundu kwa weusi nawajua kwa miguu yangu, kwa sababu tulikuwa tunaruka njia zao tukienda shule. Njia zenyewe zimesafishwa kama zilizofagiliwa, majani yamekatwa pande zote, na vibarua wanapita wamebeba mbegu za nyasi kubwa kuliko vichwa vyao. Mdomoni mwa shimo kuna mduara wa makapi. Mbegu wanaipeta ndani, maganda wanayatupa nje, sawasawa na mama alivyokuwa akipeta mtama uani. Mvua za masika zikinyesha na jua likatoka, malkia wenye mabawa walikuwa wanamiminika pale mlangoni. Kuku wa mama walikuwa wanajua siku hiyo kabla yetu.

Ndiyo siku wanayoingoja wafanyabiashara pia. Tarehe 5 Aprili 2025, katika nyumba ya wageni kaunti ya Nakuru, kaunti yangu, vijana wawili Wabelgiji wa miaka 19 walikamatwa na chungu wapatao 5,000, malkia, ndani ya mirija 2,244 yenye pamba. Mirija kama wetu. Pamba kama yetu. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilisema chungu wangeweza kuishi humo hadi miezi miwili. Siku hizo hizo Mvietnamu mmoja na Mkenya mmoja walishtakiwa katika kesi nyingine, ya chungu wapatao 400. Mei 7 mahakama ya JKIA, ya uwanja wa ndege wa Nairobi, iliwatoza wote wanne faini ya shilingi milioni 1 kila mmoja, au miezi 12 jela.

Katika kundi letu la WhatsApp la familia watu walicheka siku nzima. Ati mtu kufungwa kwa sababu ya siafu! Mwingine akaandika mchwa, mwingine sisimizi. Hapo ndipo palipoanza kuniuma. Sisi ndio wenye lugha iliyowatenga siafu na majimoto, sungusungu na sisimizi, mchwa na kumbikumbi, kila mmoja na jina lake kwa tabia yake na kwa namna anavyouma au anavyoliwa. Mchwa hata si chungu! Babu zetu walimtazama mdudu kwa makini kiasi cha kumpa jina, nasi tumefika mahali ambapo mgeni wa miaka 19 anamjua chungu wa Gilgil kuliko mzaliwa wa Gilgil. Kijana yule alivuka bahari kumfuata. Sisi tulikuwa tunamruka tu.

Basi ninachosema ni hiki, na nakisema kwa wafugaji wenzangu hasa: malkia aliyetoka shimoni siku ya mvua si mdudu mmoja. Ni kundi zima ambalo halijazaliwa. Ukimchukua yeye umechukua vibarua maelfu wa miaka mingi, umechukua ile njia iliyofagiliwa, mbegu zitakazobebwa na zitakazodondoka njiani zikaota, udongo utakaochimbuliwa ukapata hewa, chakula cha mhanga, yule mnyama mla chungu, usiku. Kundi la aina hii halichukui malkia wa kuazima malkia wake akipotea. Linakwisha.

Mwanangu alipiga hesabu kwenye karatasi. Malkia wetu mdogo, wa nchi ya baridi, ametupa mia nne kwa miaka miwili. Zidisha mara 5,000. Milioni mbili. Aliandika sufuri zote, akazihesabu tena, akaniangalia. Na wale wa Gilgil ni aina kubwa kuliko wetu, na ile ilikuwa shehena moja tu, iliyokamatwa.

Wapo watakaonijibu kwamba malkia wengi hufa hata hivyo. Ni kweli, nakubali kwa shingo upande. Wengi huliwa siku ile ile, wengine hushindwa kuchimba, wengine ukungu huwamaliza chini ya ardhi. Lakini anayeliwa na kuku amelisha kuku wa mama yangu. Anayeliwa na mjusi amelisha mjusi wa pale pale, naye mjusi ataliwa na mwewe wa pale pale. Chungu huzaa malkia wengi kwa sababu kuku, mjusi na ukungu wamo katika hesabu yao tangu zamani. Sanduku la kusafirishia kwa ndege halimo. Nao wachukuaji hawachukui kwa kubahatisha kama mjusi. Wanarudi msimu baada ya msimu mahali pale pale, siku ile ile, wakiwa na mirija ya kutosha. Chovya chovya humaliza buyu la asali.

Wengine watasema uuzaji wa malkia kwa kibali ungewapa wanakijiji kipato. Siku utakapokuwepo, na mama yangu awe miongoni mwa wanaolipwa, nitakaa kusikiliza.

Kuna na upande wa pili, wa chungu kutoroka. Sisi tuliopoteza Jumamosi nzima na brashi tunajua hakuna kiota kisichovuja. Kenya imeshaonja chungu mgeni anavyoweza kufanya. Laikipia, migunga ile yenye vinundu vinavyopiga mluzi upepo ukipita ilikuwa inalindwa na chungu wake. Tembo akitia mkonga, chungu wanamuuma puani anaacha. Akaja chungu wa kigeni mwenye kichwa kikubwa, Pheidole megacephala, akawaua walinzi. Tembo wakaivunja miti mara tano hadi saba kuliko awali, nyika ikawa wazi, simba wakakosa pa kujifichia kumvizia punda milia. Januari 2024 Mkenya Douglas Kamaru na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wao: mwaka 2003 punda milia walikuwa asilimia 67 ya mawindo ya simba, kufikia 2020 wamekuwa asilimia 42, na nyati ambao hawakuwa wakiuawa kabisa wakafikia asilimia 42. Simba amebadilisha mlo wake kwa sababu ya mdudu unayeweza kumpuliza akaruka. Halafu mtu ananiambia kusafirisha chungu kutoka bara hadi bara kwa bahasha ni burudani isiyo na madhara.

Sitaki mtu aache kufuga. Natamani kila mtoto awe na mrija mmoja kabatini, Leicester na Nakuru, aone mama anavyofunga na watoto wanavyomlisha. Lakini afuge yule aliyemwokota mlangoni kwake, kwa sheria ya mahali pake, ambaye hata akitoroka atakuwa ametorokea nyumbani.

Nilimwambia mwanangu yote haya Ijumaa ile, pengine kwa sauti ya juu kuliko ilivyopasa. Alisikiliza. Akasema kwa utulivu kwamba hakutaka kumnunua, alitaka tu kumwona akitembea, maana kwenye picha hatembei.

Basi Jumapili tulimpigia nyanya yake kwa video. Tulimweleza. "Hao wa pale nyuma ya choo cha zamani?" akauliza. "Hao siwamwagiagi maji ya moto. Wa jikoni ndio nawamwagia." Akatoka uani na kanga begani, simu mkononi ikituonyesha anga, kisha mguu wake, kisha mabati, kisha ardhi. Mvua ilikuwa imenyesha jana yake. Akainama polepole, goti lake linamsumbua, akatuelekezea shimo.

Walikuwepo. Njia ile ile, makapi yale yale. Mwanangu alisogeza uso hadi pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo.

"Ngoja, mume wangu," mama akamwambia, "usiende." Akaingia ndani akatuacha tukitazama pipa, akarudi na ngumi ya mtama. Akazidondosha punje kando ya njia, moja moja. Chungu wa kwanza akapita bila kusimama. Wa pili akasimama, akaigusa punje kwa vipapasio, akaikamata, akaiinua juu ya kichwa chake, akaanza kurudi nyumbani. Kisha wakaja wengi.

Mwanangu hakusema neno. Alikuwa anahesabu kwa midomo. Alifika punje ya thelathini na sita, bando la nyanya likaisha.